Ukucha wa Kidole cha Pili

"Shemeji, tangu uzaliwe umewahi kusikia popo akapimwa kiuno?"

Aliyeuliza ni Mzee Gundi, mshona viatu na mtengeneza miavuli, ambaye miaka nenda miaka rudi alikuwa akifanya kazi kwenye kibaraza kimoja na Bibi Fundi: yeye kushoto mwa mlango na nyundo yake, bibi kulia na cherehani yake. Alimwita shemeji kwa kuwa alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, na utani wao ulikuwa mkongwe kuliko hiyo cherehani.

Bibi Fundi alikuwa ameinamia chupa ya kioo iliyowekwa juu ya meza ya kukatia, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Ndani ya chupa, katika maji ya dawa, alilala popo mdogo ambaye kiwiliwili chake hakikuzidi kidole gumba.

"Niambie basi, kiuno inchi ngapi?"

"Kinapita kwenye pete yako ya ndoa," bibi akasema bila kuinua uso, "kama mwenzio hajaificha."

Mwanamke aliyeileta chupa akacheka. Alikuwa mwalimu wa shule ya watoto wasioona, mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini isiyo na haraka.

"Kabatini ninazo chupa mbili, nilizirithi kwa mwalimu aliyenitangulia," akaeleza. "Moja ni ya huyu, popo mdogo anayekula wadudu. Nyingine ni ya popo mkubwa, yule wa matunda. Lakini hebu fikiria, bibi. Mtoto asiyeona ukimpa chupa mikononi, atajua nini? Atajua chupa. Baridi, laini, mviringo. Kuwatoa siwezi, dawa hii si ya mikono ya watoto. Nataka unishonee popo wa kitambaa, wa kupapaswa na kuvutwa mabawa bila kuchanika. Jumatatu muhula unafunguliwa, na somo la kwanza ni wanyama."

"Na huyo mkubwa tofauti yake nini?"

"Kwanza, namna ya kutafuta chakula. Huyu mdogo anatoa sauti nyembamba sana, sisi hatuisikii. Sauti inamgonga mdudu, inarudi, masikio yanaidaka. Anaruka gizani kwa masikio. Mkubwa yeye anategemea macho na pua."

"Chupa yake mbona hukuja nayo?"

"Ni kama ndoo, bibi, tena kifuniko kinavuja. Njoo shuleni umwone. Kwa sasa nimekuandikia upana wake mabawa yakiwa wazi: futi mbili na nusu. Mdogo ni inchi kumi."

Bibi Fundi akapokea karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Mwalimu hakuondoka mara moja. Alitazama pazia lililotenga kibaraza na chumba cha ndani.

"Naye?" akanong'ona.

"Yupo."

"Nafasi yake bado naishikilia. Ila mwisho ni Jumatatu. Kuna mtoto mwingine anayesubiri, na mama yake naye anaomba Mungu kama wewe."

Nyuma ya pazia, juu ya furushi la vipande vya vitambaa, aliketi mjukuu wa Bibi Fundi, mtoto wa miaka tisa. Zamani mtaa mzima ulimwita Kwanini. Hakuna aliyekaa naye dakika tano bila kuulizwa kwa nini sindano ina tundu moja, kwa nini kivuli hakina mdomo, kwa nini mtu akipiga miayo na mwenzake anapiga. Ndipo ikaja homa ya uti wa mgongo. Mwenyezi Mungu akamrudisha mtoto kutoka mlangoni mwa kaburi, ila macho hayakurudi naye. Wala maswali hayakurudi. Mwaka mzima na miezi miwili sasa alikuwa anajibu tu: ndiyo, hapana, nimeshiba. Bibi Fundi aliomba kila alfajiri, na ukitaka kujua, siku hizi hakuomba sana macho. Aliomba swali.

Miezi mitatu nyuma alimpeleka shuleni. Mtoto alifika langoni akashika vyuma vya lango kwa mikono miwili, akalia mpaka sauti ikakauka. Walijaribu kumbandua vidole kimoja kimoja. Mwalimu huyuhuyu alitoka akasema, "Mwachieni. Bibi, mrudishe nyumbani. Anayeingia hapa kwa kuburutwa leo, kesho atatoroka. Siku atakayotaka mwenyewe, mlango upo." Mama wa mtoto, binti yake Bibi Fundi, alikuwa kazini mji mwingine, hurudi kila mwisho wa mwezi, na kila akirudi swali lake la kwanza mlangoni ni hilo: amekubali? Kila mara bibi alijibu, bado mwanangu.

Kwa hiyo usishangae kwamba Bibi Fundi aliipokea kazi ile ya popo kwa mikono miwili. Hakujua itamsaidiaje, ila shule ilikuwa imebisha hodi mlangoni kwake, na yeye hakuwa mtu wa kuiachia hodi ipite.

*

Bibi Fundi alikuwa na desturi moja ambayo hata Mzee Gundi hakuthubutu kuitania. Kabla ya kukata kitambaa chochote, aliuweka mkasi juu yake ukiwa umefungwa, akaushika kwa mikono yote miwili, akamwomba Mungu auongoze mkono wake. Maana uzi hufumuliwa, lakini kilichokatwa hakiungani tena.

Kwa popo mdogo alifanya hivyo. Alimpima kupitia kioo, akageuza chupa huku na huku, akachora kwenye karatasi. Masikio makubwa kupita kiasi. Macho, vishanga viwili vyeusi. Puani ngozi iliyokunjwakunjwa mfano wa kwato ya farasi. Mkia, na kati ya miguu ngozi pana iliyoufunika mkia mpaka nchani, kama sketi. Mabawa aliyakata kwenye kitambaa cha mwavuli, na vidole vya ndani ya bawa akavitengeneza kwa njiti nyembamba alizopewa na Mzee Gundi. Ukucha ulikuwa mmoja katika kila bawa, kwenye kidole gumba, naye akashona hapo kulabu ndogo kama zile za kufungia gauni mgongoni, akaipinda ncha ili isichome. Jumatano jioni popo mdogo alikuwa tayari.

Popo mkubwa hakumwendea shuleni. Shule ilikuwa mbali, magoti yalikuwa yanamsumbua, na jambo lenyewe aliliona dogo. Alikuwa ameshona sare za shule miaka thelathini. Sare ya darasa la kwanza na ya darasa la saba hutoka kwenye karatasi ileile. Unaongeza pembeni, unashusha pindo, mambo yamekwisha. Akaichukua karatasi ya popo mdogo, akazidisha kila kitu mara tatu, masikio kwa masikio, mkia kwa mkia, akatandaza kitambaa akakata. Ule mkasi uliofungwa alisahau kuushika.

Alhamisi asubuhi popo wawili walikuwa mezani.

"Mashallah," Mzee Gundi akasema. "Baba na mwana. Bado kuwaombea posa tu."

Bibi Fundi akafunua pazia. "Mjukuu wangu, nishikie hawa. Nipapasie mishono kama kuna uzi umejitokeza."

Hakuwa na haja ya kupapasiwa mishono. Alitaka tu vidole vile vishike kitu kingine zaidi ya kijiko na ukingo wa kitanda.

Mtoto aliwapokea mapajani. Alianza na mdogo, polepole, kama mtu anayesoma barua. Masikio, pua, bawa, akahesabu vidole, akafika kwenye kulabu, akaibonyeza. Kisha akamchukua mkubwa. Masikio, pua, bawa. Akarudi kwa mdogo. Akarudi kwa mkubwa. Bibi Fundi alijifanya anatia uzi kwenye sindano iliyokwisha tiwa uzi.

"Huyu mkubwa ni mama yake?" mtoto akauliza.

Sindano ikamwanguka bibi.

"Hapana, mwanangu. Ni popo wa aina nyingine kabisa. Mdogo anakula wadudu, mkubwa anakula matunda."

"Mbona ni yuleyule? Umemvuta tu."

"Kwa sababu... wote si popo?"

Mtoto akashika masikio ya popo mkubwa, akayafungua kama majani ya mgomba. "Mwalimu alisema mdogo anamsikia mdudu. Huyu masikio yote haya anasikia nini? Papai linapiga kelele?"

Mzee Gundi akaangua kicheko mpaka misumari ya viatu aliyoibana midomoni ikamtoka. Mtoto hakucheka. Alikuwa amekunja uso, namna ile ya zamani.

"Na alisema mkubwa anatumia macho. Kwa nini umemwekea shanga ndogo kama za mdogo?"

Bibi Fundi akakaa kwenye kiti. Mwaka na miezi miwili, halafu maswali matano kwa pumzi moja.

"Shemeji, usijisumbue," Mzee Gundi akasema huku akiokota misumari. "Kazi ni safi, kitambaa kimeshakatwa, Jumatatu si mbali. Watoto wenyewe hawaoni. Nani atajua?"

Neno lilimponyoka. Alipolisikia likitua, aliinua kichwa, akamtazama mtoto, na mkono wake wenye misumari ukabaki hewani.

"Huyu hapa amejua," Bibi Fundi akasema taratibu. "Tena kwa dakika moja."

Akachukua mkasi ili amfumue popo mkubwa. Mtoto aliusikia mlio wa mkasi, akamkumbatia popo kifuani.

"Usimfumue. Kwanza tujue wa kweli yukoje. Ana mkia?"

"Sijui."

"Ana kucha ngapi?"

"Sijui, mwanangu. Sikumwona."

"Basi nenda kamwangalie."

"Nikiangalia, nitaangalia nini? Mimi huyo mdogo nilimwangalia siku tatu nikadhani nimemaliza popo wote." Bibi alivuta pumzi. Alilolisema sasa hakulipanga, na baadaye aliamini halikuwa lake. "Macho ninayo, maswali ndiyo sina. Twende wote. Wewe uulize, mimi nikuangalizie."

Mtoto akapapasa tena bawa la popo mkubwa.

"Tunakwenda kuangalia popo tu?" mtoto akauliza.

"Popo tu."

"Halafu tunarudi."

"Halafu tunarudi. Mungu shahidi wangu."

*

Ijumaa asubuhi walifika langoni. Mkono wa mtoto ulilowa jasho ndani ya mkono wa bibi. Ule wa pili ulinyooka mbele, ukagusa chuma cha lango, ukakitambua. Akasimama. Bibi Fundi hakumvuta. Alisimama naye palepale juani, magoti yakimuuma, akaacha watu wapite na masanduku yao.

"Popo tu," mtoto akasema, kama anayejikumbusha.

"Popo tu."

Lango likalia, wakaingia.

Chumba cha kabati kilinuka dawa na chaki. Mwalimu alipomwona aliyekuja, midomo yake ilifunguka, lakini bibi alimtikisia kichwa, naye akaifunga. Alibeba ile chupa kubwa kwa mikono miwili akaiweka mezani karibu na dirisha, akaitandikia gazeti kwa sababu ya kuvuja.

"Haya," Bibi Fundi akasema, akipandisha miwani. "Uliza."

"Uso wake?"

"Uso... jamani. Huyu ni mbwa! Mbwa mdogo mwenye adabu zake. Pua imechongoka mbele."

"Ile ngozi ya kwato ipo?"

"Haipo. Pua tupu, kama ya mbwa yeyote."

"Macho?"

"Makubwa. Kama vifungo vya koti. Yananitazama kana kwamba ninamdai."

"Masikio?"

"Madogo, hayana makuu. Ukingo wake umezunguka ukafunga, kama karatasi ya karanga ilivyoviringwa."

"Ndiyo maana," mtoto akasema peke yake. "Mkia?"

Bibi akaizungusha chupa. Akainama, akachuchumaa, magoti yakalia. "Mkia haupo. Kuna kishina tu, mfano wa uzi uliokatwa ukasahauliwa. Na ile ngozi kati ya miguu nayo haipo. Kuna ukanda mwembamba unaofuata kila mguu. Yaani mdogo kavaa sketi nzima, huyu kabaki na pindo."

Mwalimu alikuwa amejiegemeza kabatini, mikono kifuani.

"Manyoya?"

"Mengi, rangi ya blanketi la zamani. Shingoni yamegeuka manjano."

"Kucha?"

"Kila bawa, mmoja. Kwenye gumba. Mkubwa, umejipinda."

"Na kidole cha pili?"

"Kidole cha pili kina nini?"

"Si ndiyo nauliza. Kwa mdogo uliweka kwenye gumba peke yake. Huyu naye ni gumba peke yake?"

Bibi Fundi alitaka kusema ndiyo. Neno lilishafika ulimini, maana ndivyo alivyoona, na ndivyo alivyotarajia kuona. Akajizuia. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena, akaisogeza chupa hadi mwanga wa dirisha ukapenya bawa. Akahesabu vidole kutoka kwenye gumba. Pale ambapo kidole cha pili kiliishia, kwenye ukingo wa ngozi, palikuwa na kitu chembamba, cheusi, kimejikunja, hakizidi ncha ya sindano ya kutarizi.

"Upo," akasema. "Ee Mungu wangu. Ukucha upo. Kidole cha pili kina ukucha."

"Haiwezekani," Mwalimu akasema, akaja mbio akaweka paji la uso kwenye kioo. Kisha akafungua kitabu, akapekua kurasa, akasoma akifuata mstari kwa kidole. Alipoinua uso ulikuwa umebadilika. "Imeandikwa hapa. Wengi wa popo hawa wa matunda wana ukucha wa pili, wale wadogo hawana. Miaka kumi na moja naifuta vumbi chupa hii. Sikuwahi kuuona, kwa sababu sikuwahi kuuliza."

"Ni wa nini?" mtoto akauliza, na safari hii uso wake ulielekea iliko sauti ya Mwalimu.

"Nadhani ni wa kujishikilia. Anatambaa matawini kutafuta tunda, basi ukucha mmoja haumtoshi. Lakini ni kudhani tu. Tunaweza kutafuta pamoja." Akasita. Kutoka upande wa mabweni ilisikika kelele ya watoto waliowahi kufika, wakigombania kitu na kucheka. "Wenzako wamekwisha kuja. Kama ungependa twende tuka..."

Bibi Fundi aliuona mlango ukifunguka mbele yake. Miezi mitatu alikuwa ameuombea. Ilibaki kuusukuma kidogo tu.

"Mwalimu," akasema, "tuliahidiana popo tu, halafu turudi."

Mwalimu akamtazama, akaelewa. "Ahadi ni ahadi. Nendeni salama."

Walipita lile lango wakitoka, na mkono wa mtoto ulikuwa mkavu. Walitembea mpaka kona ya duka la mkate.

"Bibi, wale waliokuwa wanacheka ni kina nani?"

"Wanafunzi."

"Walikuwa wanacheka nini?"

"Hilo sikuliangalia," Bibi Fundi akasema. "Hukuniuliza."

*

Jumamosi kibaraza kilikuwa kama karakana. Karatasi ya zamani ikatupwa, mpya ikachorwa tangu mwanzo, popo mkubwa kama popo mkubwa. Manyoya yalitoka kwenye blanketi lililokatika katikati, macho kwenye koti la marehemu babu, vifungo viwili vya juu ambavyo bibi alivihifadhi kwenye kopo bila kujua anavihifadhia nini.

Mzee Gundi alifika na mwavuli mzima, mkubwa, mweusi. "Njiti zake ni ndefu, zinafaa mabawa. Ni mwavuli wangu mwenyewe. Mvua ikija, ininyeshee, nimejitakia." Akachutama mbele ya mtoto. "Mjukuu, lile neno langu la juzi..."

"Lipi, babu?"

"Lile la nani atajua."

Mtoto akafikiri. "Mbona lilikuwa kweli kidogo? Bibi hakujua."

"Ala!" bibi akasema, na Mzee Gundi akacheka hadi akashika ukuta, cheko la mtu aliyesamehewa.

Ulipofika wakati wa kukata, Bibi Fundi alitandaza kitambaa, akaweka mkasi juu yake ukiwa umefungwa. Kisha akachukua mikono ya mtoto akaiweka chini ya yake. Wakaomba hivyo, mikono minne juu ya mkasi mmoja, naye Mzee Gundi akavua kofia.

Jumapili kulabu ya mwisho ikashonwa, ile ndogo kuliko zote, kwenye kidole cha pili. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeonyesha mahali, kwa ncha ya kidole.

"Sasa huyu wa uongo tumfumue?" bibi akauliza. Popo wa kwanza, mwenye masikio makubwa, bado alikuwa juu ya furushi la vitambaa, mahali ambapo mtoto alilala naye tangu Alhamisi.

"Hapana. Tuwapelekee wote watatu."

"Wa uongo wa nini?"

"Tusiwaambie. Waambiwe tu mmoja ni wa uongo, wamtafute. Mtu akiambiwa hiki ni mkia, anasema haya, mkia. Akitafuta mwenyewe ndiyo anajua."

Bibi Fundi aliendelea kukunja mabaki ya blanketi. Alikunja kipande kilekile mara tatu. "Wazo zuri. Nani atawapa hilo jaribio? Mwalimu hajui mishono ya huyu wa uongo. Na mimi sina maneno ya darasani."

Mtoto akamwokota popo wa uongo juu ya furushi.

"Mimi," mtoto akasema.

*

Jumatatu darasa lilikuwa na watoto kumi na wawili, madawati yamepangwa duara. Mjukuu alisimama katikati, popo watatu mkononi, sauti yake mwanzoni ikitoka kama uzi unaokaribia kukatika.

"Wako watatu. Mmoja ni wa uongo. Msiseme mpaka kila mtu apapase."

Bibi Fundi alikaa kwenye kibenchi nje ya mlango, mkoba mapajani. Ndani ya mkoba alikuwa ameweka nguo za mtoto za kubadili, sabuni na kitana, kisha asubuhi akavitoa vyote, akaona ni kumtega. Halafu akarudisha kitana peke yake. Sasa alikuwa anakishika kupitia kitambaa cha mkoba.

Alisikia vidole vikipita juu ya kitambaa cha mwavuli. Alisikia ubishi.

"Huyu ana sketi!"

"Huyu mwingine pia ana sketi. Huyu wa tatu kavuliwa."

"Wa uongo ni huyu mwenye kucha mbili, popo gani ana kucha mbili?"

"Wee, usiseme mpaka nipapase na mimi!"

Msichana mmoja mwenye sauti nzito, aliyekuwa kimya wakati wote, akasema, "Nimempata. Ni huyu mkubwa mwenye masikio. Uso huu ni wa huyu mdogo, mtu kauchukua akaupanua. Masikio haya ya nini kama anakula matunda?"

"Kwani papai linapiga kelele?" mjukuu akamjibu.

Darasa likalipuka. Hiki ndicho kicheko alichokisikia mjukuu Ijumaa kwa mbali, ila leo kilikuwa kimemzunguka pande zote, na yeye ndiye aliyekianzisha. Yule msichana akasogea kwenye dawati. "Njoo ukae hapa," akasema. "Nionyeshe tena ule ukucha wa pili, mimi nimeukosa."

Kengele ikalia. Mwalimu akatoka mlangoni, akamtazama Bibi Fundi, akakaa pembeni ya mlango. Bibi akasimama. Asubuhi walikuwa wameahidiana: jaribio likiisha, tunarudi, kama Ijumaa. Hakutaka kuwa bibi wa kugeuza neno.

"Mjukuu wangu," akaita. "Jaribio limekwisha. Twende?"

Mtoto alikuwa ameketi bega kwa bega na yule msichana, vidole vya wote wawili juu ya bawa moja. Hata kugeuka hakugeuka.

"Kwa nini?" akauliza.

Bibi Fundi akafungua mkoba. Akatia mkono mkobani, akatoa kile kitana, akamkabidhi Mwalimu.

"Nywele zake zinaanza kuchanwa upande wa kushoto," akasema. "Ukianza kulia, atakuuliza."

Akaondoka taratibu kwa ajili ya magoti. Langoni alisimama, akaweka kiganja kwenye chuma, pale chini, usawa wa mikono ya mtoto wa miaka tisa. Hapo akamwambia Mungu maneno mawili matatu, asiyasikie mwingine, kisha akaenda zake kumtafutia Mzee Gundi mwavuli.